Kuboresha saspensheni ya gari la michezo la zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu magari ya michezo yaliyotengenezwa kati ya miaka ya 1960 na 1990, ya aina ya MGB, Datsun 240Z, Porsche 944, Toyota AE86 na Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza. Miundo yao inatofautiana sana, ila maswali ya wenye magari hayo yanafanana.

## Mambo ya msingi

1. Saspensheni ina sehemu zipi, na kila moja inafanya kazi gani?

Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari na kuliruhusu gurudumu lipande na kushuka. Shokapu, ambayo wengine huiita shokomzoba, haibebi uzito. Kazi yake ni kuituliza springi ili gari lisiendelee kunesa baada ya kupita kwenye shimo au tuta. Mikono ya juu na ya chini, pamoja na rodi zake, hushikilia gurudumu katika mkao wake, na mikono hiyo imeungwa kwenye bodi kwa bushi (mpira uliobanwa kati ya bomba la ndani na la nje) na kwenye kitovu cha gurudumu kwa boli jointi (kiungo cha tufe kinachogeuka pande zote). Stabilaiza ni chuma kirefu kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale sana kwenye kona.

Sehemu hizi zinafanya kazi kama mnyororo. Shokapu ya bei kubwa iliyofungwa kwenye mkono wenye bushi iliyooza haiwezi kuonyesha uwezo wake, kwa sababu gurudumu linayumba kabla nguvu haijaifikia.

2. Nitajuaje kama gari langu linahitaji kuboreshwa au kutengenezwa tu?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote katika ukurasa huu, na kwa uzoefu wangu jibu lake mara nyingi ni kutengenezwa. Mtu hununua gari la miaka 30, akaliona linayumba kwenye barabara kuu, linagonga kwenye mashimo na linachelewa kuitikia usukani, akahitimisha kwamba watengenezaji wa zamani hawakujua kazi. Walijua. Gari analoliendesha si lile lililotoka kiwandani. Ni gari ambalo mpira wake umekauka, mafuta ya shokapu yamechoka na springi zake huenda zimekaa chini.

Liinue gari, liweke juu ya stendi imara, kisha shika kila gurudumu juu na chini ulitikise, halafu ulishike kushoto na kulia ulitikise tena. Mchezo wa juu na chini huashiria boli jointi au beringi ya gurudumu. Mchezo wa kushoto na kulia kwa magurudumu ya mbele huashiria tairodi, yaani rodi inayogeuza gurudumu, au boksi la usukani. Kisha ingiza mtaimbo mfupi kando ya kila bushi na kuusukuma taratibu huku ukimulika kwa tochi. Bushi nzima hurudi mahali pake. Iliyokufa hufungua ufa kati ya mpira na chuma, na wakati mwingine unga mweusi hudondoka.

3. Nianze na kipi?

Kama bajeti haitoshi kufanya yote kwa pamoja, fuata mpangilio huu: kwanza viungo na bushi, pili matairi, tatu shokapu, nne springi, na mwisho stabilaiza. Alaimenti, yaani upangaji wa pembe za magurudumu, hufanywa kila baada ya hatua inayogusa mikono au urefu wa gari.

Wengi huanza na springi kwa sababu matokeo yake yanaonekana kwa macho: gari limeshuka, limependeza. Lakini springi ngumu juu ya shokapu iliyochoka hulifanya gari linese kwa kasi zaidi bila kitu cha kulituliza, na hapo gari huwa baya kuliko lilivyokuwa. Baada ya hatua ya kwanza na ya pili, liendeshe gari kwa wiki kadhaa kabla ya kununua kitu kingine. Wapo wanaogundua kwamba walichokuwa wakikitafuta wamekwisha kukipata.

4. Je, kuisukuma kona ya gari kwa mikono kunatosha kupima shokapu?

Hapana. Jaribio hilo hutambua shokapu iliyokufa kabisa, lakini shokapu iliyopoteza nusu ya uwezo wake inaweza kulipita, hasa kwenye gari lenye bushi zilizokakamaa. Tazama badala yake alama za mafuta yaliyovuja kwenye mwili wa shokapu, na upitishe kiganja juu ya tairi: mabonde madogo yanayojirudia kuzunguka tairi mara nyingi ni dalili kwamba gurudumu limekuwa likirukaruka.

## Bushi na viungo

5. Nichague bushi za mpira au za poliurethani?

Kwa gari la barabarani, mimi huchagua mpira mpya wa ubora wa kiwandani, na ninaeleza sababu kwa sababu ushauri unaosikika zaidi ni kinyume chake. Bushi ya mpira imegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje; mkono unapopanda na kushuka, mpira hujisokota bila kusuguana na kitu, na kwa hiyo haupigi kelele wala hauhitaji grisi. Poliurethani, yaani plastiki ngumu inayonyumbuka kidogo, haijagandishwa. Hujizungusha juu ya bomba la chuma, na grisi ikikauka huanza kulia na kukwama.

Faida ya poliurethani ni kwamba haibonyei sana, hivyo gurudumu hushikiliwa kwa uthabiti zaidi wakati wa kufunga breki na kukata kona. Inafaa mahali ambapo mkono unazunguka kwenye mhimili mmoja tu. Pale ambapo mkono unalazimika pia kujipinda upande, kama ilivyo kwenye baadhi ya mikono ya nyuma ya magari yenye ekseli nzima, ugumu wake huifanya saspensheni ishikane, na gari linaweza kuteleza ghafla bila onyo.

6. Kwa nini bushi mpya huchanika baada ya miezi michache?

Kwa sababu, mara nyingi, bolti zake zilikazwa magurudumu yakiwa yananing'inia. Kosa hili ni dogo kutenda na ghali kulirekebisha.

Kwa kuwa bushi ya mpira hujisokota, ina hali moja ya mapumziko, nayo ni ile iliyokuwapo wakati bolti ilipokazwa. Fundi akiikaza gari likiwa juu ya jeki, mkono ukiwa umeelekea chini, basi mapumziko ya bushi ni hapo chini. Gari likishushwa, mkono hupanda na mpira hubaki umesokotwa usiku na mchana hata gari likiwa limeegeshwa. Kila tuta huongeza msokoto juu ya ule uliopo, mpaka mpira unaachana na chuma.

Niliwahi kulipa gereji moja inibadilishie bushi zote za nyuma. Baada ya miezi mitano sauti ya kugonga ilirudi. Nilipouvua mkono wa chini, bushi ilikuwa bado na rangi nyeusi ya upya na namba zake zilisomeka, lakini nilipoingiza bisibisi, bomba la katikati lilizunguka lenyewe kama pini kwenye tundu. Mpira ulikuwa umekatika duara zima, safi, kana kwamba umepitishwa wembe. Bushi yenyewe haikuwa na kasoro. Niliweka nyingine za aina ileile, nikaacha bolti zote zikiwa zimeshikwa kwa mkono tu, nikashusha gari juu ya mbao nene chini ya kila gurudumu ili nipate nafasi ya kulala chini yake, nikalisukuma juu na chini mara kadhaa litulie, ndipo nikakaza. Bushi hizo zimedumu miaka.

Kwa hiyo, kama gari lako litashushwa, urefu mpya upangwe kwanza na bolti zikazwe mwisho. Ukibadilisha urefu baadaye, legeza bolti hizo na kuzikaza upya gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Poliurethani haina sharti hili, kwa kuwa haijisokoti.

7. Vipi kuhusu viungo vya beringi za chuma kama vya magari ya mashindano?

Vinafaa kwa mashindano. Barabarani huingiza kila mtetemo ndani ya bodi, huingiwa na vumbi na maji, na huhitaji kukaguliwa mara kwa mara. Bodi ya gari la zamani haikuundwa kupokea mtetemo huo, na nyufa zinaweza kuanzia pale mikono inapofungwa.

## Springi, shokapu na urefu wa gari

8. Springi ziwe ngumu kiasi gani?

Ugumu uliochapishwa kwenye springi haukuambii mengi mpaka ujue sehemu gani ya ugumu huo inafika kwenye gurudumu. Kwenye gari lenye mikono miwili kwa kila gurudumu, kama MX-5, springi imekaa katikati ya mkono. Gurudumu likipanda milimita 10 na springi ikabonyea milimita 7, uwiano ni 0.7, na ugumu unaofika kwenye gurudumu ni ule wa springi mara 0.7, kisha mara 0.7 tena, yaani chini kidogo ya nusu. Kwenye gari lenye shokapu za kusimama zinazobeba springi, kama 240Z, uwiano hukaribia 1. Ndiyo maana haifai kunakili namba ya springi kutoka gari moja kwenda jingine.

Kipimo kinacholinganishika ni idadi ya mineso kwa sekunde. Chukua kona ya gari inayobeba kilo 230 juu ya springi, na ugumu wa newtoni 20 kwa milimita kwenye gurudumu: kona hiyo hunesa takribani mara 1.5 kwa sekunde. Magari ya starehe huwa karibu na 1 au juu yake kidogo. Magari ya michezo ya barabarani huwa kati ya 1.5 na 2. Zaidi ya 2 ni eneo la mashindano na barabara laini. Mneso hufuata kipeuo cha pili cha ugumu, kwa hiyo ukiongeza ugumu mara mbili katika mfano huu utapata kama 2.1, si 3.

Ushauri wangu kwa gari linaloendeshwa kwenye barabara za kawaida ni kuongeza ugumu kwa robo hadi theluthi ya ule wa kiwandani na kuishia hapo. Tairi lililo hewani halishiki barabara, na springi ngumu kupita kiasi hulirusha tairi hewani kwenye kila mkwaruzo wa lami.

9. Je, ninaweza kukata springi zilizopo ili kushusha gari?

Usikate. Springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi, kwa sababu ugumu huongezeka kadiri mizunguko inayofanya kazi inavyopungua: ukiondoa mmoja kati ya sita, unaongeza ugumu kwa asilimia 20 bila shokapu kubadilika. Hatari kubwa iko kwenye urefu. Gurudumu likishuka kabisa, springi fupi inaweza kulegea na kuhama kwenye kikalio chake, na itakaporudi huenda isikae sawasawa. Kuipasha moto ili ikae chini ni kubaya zaidi, kwa kuwa joto huharibu ugumu wa chuma chenyewe.

10. Kuna tofauti gani kati ya shokapu za mrija mmoja na za mirija miwili?

Shokapu ya mirija miwili ina mafuta kwenye mrija wa ndani na akiba kwenye mrija wa nje, pamoja na hewa au gesi yenye shinikizo dogo. Ni laini na ya bei nafuu, lakini ikifanyishwa kazi mfululizo mafuta yanaweza kuchanganyika na hewa na uwezo ukapungua. Ya mrija mmoja hutenganisha mafuta na gesi kwa pistoni inayoelea, gesi ikiwa na shinikizo kubwa. Hupoa vizuri, na ndiyo ninayoipendelea kwa barabara za milimani. Kwa sababu ya shinikizo hilo hujirefusha yenyewe ukiiachia, na huinua gari kidogo.

Ukinunua ya mirija miwili iliyokaa dukani ikiwa imelazwa, isimamishe kama itakavyofungwa na kuivuta na kuibonyeza mara tano au sita kabla ya kuifunga. Mwanzoni utahisi sehemu tupu isiyo na ukinzani. Ikitoweka, hewa imerudi mahali pake.

11. Je, koiliova zinazorekebishika zina maana kwa gari la barabarani?

Zina maana kama utazirekebisha. Koiliova, yaani shokapu iliyovishwa springi yenye kikalio kinachopandishwa na kushushwa, hukuwezesha kupanga urefu wa kila kona, na nyingi huruhusu kubadilisha ukali wa shokapu. Kwa asiyekusudia kupima chochote, shokapu nzuri zisizorekebishika pamoja na springi zilizolingana nazo hutoa matokeo bora kwa fedha ileile. Koiliova za bei ya chini sana huwa na springi ngumu na shokapu zisizoweza kuzimudu, na hilo hukurudisha kwenye tatizo la swali la 3.

Ukizifunga, anza na ukali wa chini kabisa na uongeze hatua moja moja katika barabara ileile. Simama pale gari linapoacha kunesa zaidi ya mara moja baada ya tuta.

12. Nishushe gari kiasi gani?

Milimita 20 hadi 30 zinatosha kwa karibu kila gari la kundi hili. Baada ya hapo unaanza kula nafasi ya gurudumu kupanda, na gari hukalia mipira ya kuzuia kugonga. Mpira huo ukifikiwa katikati ya kona, ugumu wa upande huo huruka ghafla na gari hupoteza mshiko.

Magari yenye shokapu za kusimama mbele yana tatizo jingine. Mkono wa chini, ambao kiwandani ulielekea chini kidogo kutoka bodi kwenda gurudumu, hugeuka na kuelekea juu. Nukta ambayo bodi hulala ikiizunguka kwenye kona hushuka kwa kasi kuliko bodi yenyewe, na gari lililoshushwa huishia kutaka kulala zaidi kwenye kona. Tairodi nazo huacha kwenda sambamba na mkono, hivyo usukani hujigeuza wenyewe kwenye matuta. Kwa magari kama 240Z na AE86 hupatikana vipande vya chuma vya kuweka kati ya shokapu na boli jointi ili kurudisha pembe hiyo.

## Stabilaiza

13. Stabilaiza nene zaidi inasaidia kiasi gani?

Zaidi ya namba inavyoonyesha. Ugumu wa chuma kizima huongezeka kwa kipeo cha nne cha kipenyo: kutoka milimita 22 hadi 24 ni ongezeko la takribani asilimia 42. Stabilaiza nene mbele hulifanya gari lielekee kusukuma pua nje ya kona. Nene nyuma huelekea kuchomoa mkia. Kwa gari linaloendeshwa kwa magurudumu ya nyuma, usiongeze ya nyuma peke yake. Viunganishi vyake vikazwe gari likiwa chini, kama bushi katika swali la 6, la sivyo stabilaiza itakuwa inavuta upande mmoja hata barabara ikiwa imenyooka.

## Alaimenti na matairi

14. Alaimenti ipangwe vipi?

Kemba, yaani kulala kwa gurudumu likitazamwa kutoka mbele, iwe kati ya nusu digrii na digrii moja na nusu kuelekea ndani kwa matumizi ya barabarani. Kasta, yaani kulala kwa mhimili unaogeuzia gurudumu ukitazamwa kutoka ubavuni, iwe kubwa kadiri gari linavyoruhusu, sawa pande zote mbili, kwa kuwa ndiyo inayourudisha usukani katikati. Magurudumu ya nyuma yaelekee ndani kidogo sana; nyuma inayofunguka nje hulifanya gari liwe la hatari likifunga breki kwenye kona.

Mweleze fundi akuwekee uzito wa dereva kwenye kiti kabla ya kupima, na aandike vipimo vya kabla na baada. Rudi kupima tena baada ya kilomita mia chache, springi na bushi zikishatulia.

15. Matairi yangu bado yana kashata nyingi. Je, nibadilishe?

Angalia umri kabla ya kashata. Matairi yaliyotengenezwa tangu 2000 yana tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Magari ya michezo ya zamani hutembea kidogo, hivyo tairi huzeeka kabla halijaisha. Watengenezaji kadhaa hushauri kutolitumia baada ya miaka 10, na mpira mgumu huweza kufuta faida yote ya shokapu mpya.

## Kufanya kazi mwenyewe

16. Je, ninaweza kufanya kazi hii nyumbani?

Sehemu kubwa inawezekana kwa jeki nzuri, stendi nne na spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Nyunyizia bolti mafuta ya kulegeza kutu siku mbili kabla, na tena usiku wa kuamkia kazi. Bolti ndefu zinazopita ndani ya bushi hugandana na bomba la katikati; zikikataa, ni bora kuzikata na kuweka mpya kuliko kupiga nyundo mpaka mkono upinde.

Sehemu isiyosamehe ni kubana springi. Springi iliyobanwa imehifadhi nguvu ya kutosha kuua. Tumia kibanio kizima kisicho na kutu, ndoano zake zikiwa zimetazamana, kaza pande zote kwa zamu, na usiweke uso wala mkono kwenye mstari wa springi. Nati ya juu ya shokapu isifunguliwe kamwe kabla springi haijalegea kwenye kikalio. Kama huna uhakika na kibanio, mpelekee fundi kazi hiyo moja.

## Miundo ya pekee

17. Gari langu lina tosheni baa badala ya springi za koili. Nifanyeje?

Porsche 911 zilitumia tosheni baa, yaani chuma kirefu kinachojisokota badala ya kubonyea, hadi kizazi cha 964 kilipoingia mwaka 1989, na 944 inazo nyuma. Ugumu hubadilishwa kwa kuweka chuma chenye kipenyo kikubwa zaidi, na kanuni ya kipeo cha nne ya swali la 13 inahusika hapa pia. Urefu hupangwa kwa meno. Kwenye nyuma ya 911, chuma kina meno 40 upande wa ndani na 44 upande wa nje. Ukisogeza jino moja ndani kuelekea upande mmoja na jino moja nje kuelekea upande wa pili, tofauti inayobaki ni chini ya digrii moja. Weka alama za rangi kabla ya kuvuta chochote.

18. MGB yangu ina shokapu za mkono wa kuzunguka. Je, ziondolewe?

Si lazima. Mbele ya MGB, mkono wa shokapu ndio pia mkono wa juu wa saspensheni, kwa hiyo kuiondoa ni kubadilisha muundo mzima. Zikirekebishwa na kujazwa mafuta sahihi hufanya kazi vizuri. Nyuma, kagua kwanza springi za vibapa: kutu kati ya vibapa hulifanya gari liwe gumu, na wengi huilaumu shokapu bure.

19. Je, mabadiliko yatapunguza thamani ya gari?

Yale yasiyorudishika yatapunguza: kutoboa bodi, kukata vikalio, kuchomelea. Hifadhi kila kitu cha awali, bolti zikiwamo, katika boksi lenye maandishi. Mjulishe pia mtoa bima kabla gari halijarudi barabarani.

20. Nimebadilisha kila kitu, lakini bado kuna sauti ya kugonga. Inatoka wapi?

Kama sauti husikika kwenye mashimo madogo kwa mwendo wa polepole, anza na viunganishi vya stabilaiza: vifungue upande mmoja, funga stabilaiza kwa waya isining'inie, na uendeshe taratibu mita mia chache. Sauti ikipotea, umeipata. Ikibaki, angalia nati ya juu ya shokapu na kikalio chake cha mpira. Mwombe mtu ageuze usukani gari likiwa limesimama huku wewe umeweka kiganja juu ya kikalio hicho ndani ya boneti. Kiungo kilicholegea hurukia kiganjani kabla sikio halijakisikia. Kisha nenda kwenye bolti zinazoshika fremu ndogo kwenye bodi, kwa kuwa hulegezwa wakati wa kazi na husahauliwa. Zikaze kwa kipimo cha kiwandani, na uweke alama ya rangi ivuke kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma, ili safari ijayo uone kwa jicho kama imesogea.